Jina la Kukodi na Duka la Malindi: Mnunuzi wa Franchaizi Hubaki na Nini?

Mwezi wa Novemba 2024 maduka makubwa ya Carrefour, jina la kampuni ya Ufaransa, yalibadilisha jina nchini Jordan. Kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, iliyokuwa ikiyaendesha kwa mkataba wa franchaizi, yaani wa kulipia kutumia jina na utaratibu wa kampuni nyingine, iliyafungua upya kwa jina lake yenyewe la HyperMax. Januari 2025 ikafanya vivyo hivyo Oman, na kabla ya mwaka huo kwisha zikafuata Bahrain na Kuwait. Kampuni hiyohiyo ndiyo inayoendesha Carrefour hapa Kenya tangu 2016, kwa hivyo habari hizo zilizungumzwa sana huku Pwani, na nilizisikia zikizungumzwa kwa namna mbili. Wapo waliosema kwamba ni siasa za Mashariki ya Kati na ususiaji wa bidhaa, na hapo wakafunga mjadala. Wapo waliosema kwamba ni ushahidi kuwa majina makubwa ya ng'ambo hayana thamani tena, na kwamba kila mtu afungue duka lake bila kumwinamia yeyote. Pande zote mbili, kwa maoni yangu, zimeliacha lile jambo linalomhusu hasa mtu wa Malindi ambaye leo ameshika karatasi ya mwaliko, imwambiayo kwamba kwa mtaji fulani anaweza kuwa na duka la kisasa la mahitaji ya kila siku, lenye jina, sare, mashine za malipo na majokofu, na kwamba kampuni itamfundisha kila kitu.

Hoja yangu ni hii. Majid Al Futtaim iliweza kuliondoa jina la Carrefour na kuendelea kuuza kwa sababu vitu vingine vyote vilikuwa mikononi mwake: mahali pa biashara, wafanyakazi, maghala, uhusiano na wauzaji, na pesa za kungojea hadi wateja wazoee jina jipya. Jina lilitoka, duka likabaki. Mtu binafsi anayeuziwa franchaizi ya duka dogo huwa amesimama upande wa pili kabisa, kwani yeye huleta pesa na kazi, kisha jina likitoka hubaki na rafu tupu na mkopo ambao haujakwisha kulipwa. Uamuzi wa kununua au kutonunua, basi, haupimwi kwa ukubwa wa jina. Unapimwa kwa kile kinachobaki kila mwezi baada ya kampuni kuchukua chake, na kwa kile kitakachobaki mkononi siku mkataba utakapokwisha. Kwa masharti ambayo mialiko hii huja nayo, na kwa namna biashara ya mji wetu inavyopanda na kushuka, nashikilia kwamba mstaafu mwenye kiinua mgongo chake pekee hafai kununua, ilhali mwenye jengo lake mwenyewe barabarani anaweza kununua na akafaidika.

Asili ya biashara hii inasaidia kueleza kwa nini ninasema hivyo. Duka la mahitaji ya haraka tunalolijua leo lilianzia Dallas, Texas, mwaka 1927, katika kampuni iliyokuwa ikiuza vipande vya barafu na ikaanza kuongeza maziwa, mayai na mkate. Mwaka 1946 lilipewa jina la 7-Eleven kwa sababu ya saa zake za kazi, yaani tangu saa moja asubuhi hadi saa tano usiku, na franchaizi zake zilianza mwaka 1964. Mwaka 1974 duka la kwanza la jina hilo nchini Japani lilifunguliwa Tokyo, na huko ndiko mfumo ulikopevuka. Hapa kwetu jamaa wa karibu wa biashara hii tunawajua tayari hata kama hatuwaiti franchaizi. Mwenye kuendesha kituo cha mafuta kwa jina la kampuni kubwa, pamoja na kaduka kake pale pembeni, anafanya kazi kwa mkataba unaofanana nayo, na wakala wa M-Pesa, ambaye tumekuwa naye tangu 2007, ametumia jina, rangi na utaratibu wa mwenzake kwa miaka mingi. Tofauti ni kwamba wakala hulipwa kamisheni kwa kila muamala, ilhali mnunuzi wa franchaizi ndiye anayelipa: ada ya kuingilia, kisha mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina, kila mwezi, na mara nyingi mchango wa matangazo juu yake. Tofauti nyingine ni ya kisheria. Marekani imekuwa na kanuni ya franchaizi tangu 1979, na leo kanuni hiyo humlazimu mwenye jina kumpa mnunuzi hati ya maelezo kamili siku 14 kabla ya kutia saini. Afrika Kusini, kupitia sheria yake ya kulinda watumiaji, humruhusu mnunuzi kuvunja mkataba ndani ya siku 10 za kazi bila kutozwa chochote. Kenya haina sheria maalumu ya franchaizi. Ukitia saini hapa, unalindwa na sheria ya kawaida ya mikataba, na sheria hiyo huanza kwa kudhani kwamba umesoma ulichotia saini.

Wanaotetea ununuzi wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Kwanza ni nidhamu ya hesabu. Maduka mengi ya mitaa yetu hayafi kwa kukosa wateja. Hufa kwa sababu mwenye duka hachanganui faida na mtaji, hutoa pesa ya droo kwa ada ya shule na matanga, na hajui bidhaa ipi imekaa rafuni tangu Ramadhani iliyopita. Mfumo wa mashine unaokueleza kila jioni ni nini kimetoka na ni nini kimebaki una thamani ya kweli, na mtu aliyefundisha darasani au aliyekuwa karani bandarini kwa miaka thelathini hawezi kuubuni peke yake kwa miezi mitatu. Pili ni ununuzi kwa wingi, kwani kampuni inayonunulia maduka mengi kwa pamoja hupata bei ambayo mwenye duka moja hawezi kuisikia hata akifuata bidhaa Mombasa mwenyewe. Tatu ni mgeni. Mtalii aliyefika Casuarina au Watamu, na hata Mkenya aliyetoka Nairobi kwa likizo ya Desemba, huingia kwa wepesi mahali anapolitambua jina na kuziona bei zimebandikwa. Hoja hizi tatu ni nzito, na mtu yeyote anayekataa franchaizi kwa ghadhabu bila kuzijibu hajamsaidia anayetaka ushauri.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayotumiwa zaidi kuuza, ni ile isemayo kwamba franchaizi hazianguki. Ni vyema kuangalia jinsi dai hilo linavyojengwa. Mnunuzi wa kwanza akishindwa baada ya mwaka mmoja na nusu, kampuni humtafuta wa pili, huyo hulipa ada yake ya kuingilia, na duka huendelea pale pale kwa bango lile lile. Katika hesabu ya kampuni duka hilo halijafungwa hata siku moja. Katika maisha ya yule wa kwanza, akiba ya miaka thelathini imekwisha. Kwa hivyo mnunuzi akiambiwa kwamba maduka karibu yote yaliyofunguliwa bado yako wazi, swali la kuuliza ni wangapi kati ya walioyafungua bado wamo ndani, na kuomba nambari za simu za waliotoka. Kampuni inayokataa kutoa nambari hizo imekwisha kujibu.

Sasa tufanye hesabu yenyewe, kwa mfano wa kufikirika lakini wenye viwango ambavyo muuza duka yeyote wa rejareja atavitambua. Chukua duka linalouza shilingi 40,000 kwa siku, yaani shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Kwa bidhaa za kawaida, kama unga, sukari, maziwa, soda na sabuni, faida ghafi, yaani kinachobaki baada ya kutoa bei ya kununulia bidhaa, ya asilimia 15 ya mauzo si mbaya. Hiyo ni shilingi 180,000. Kampuni inataka mrabaha wa asilimia 5 ya mauzo na asilimia 1 ya matangazo. Kwa sikio asilimia 6 ni kidogo mno, na ndiyo maana hutajwa kwa haraka, lakini asilimia 6 ya mauzo ni shilingi 72,000, na shilingi 72,000 ni asilimia 40 ya faida ghafi yote. Zinabaki 108,000. Toa kodi ya pango ya 45,000 na mishahara ya wafanyakazi watatu kwa 18,000 kila mmoja, na mnunuzi anabaki na shilingi 9,000 ambazo hazijalipa umeme, leseni ya kaunti, bidhaa zilizooza wala rejesho la mkopo. Jirani yake asiye na jina, anayenunua kwa bei ya juu kidogo na kupata faida ghafi ya asilimia 12 tu kwa mauzo yale yale na gharama zile zile, anabaki na 45,000. Ili mnunuzi wa franchaizi alingane tu na jirani huyo, jina lililo juu ya mlango linapaswa kuongeza mauzo kwa theluthi nzima, hadi shilingi 1,600,000, na hapo hatujahesabu ada ya kuingilia. Mtu anayeuliza kama jina lina nguvu ana haki ya kuuliza, ila aulize kwa kipimo hicho: je, litaniletea theluthi zaidi, kila mwezi, mahali hapa?

Na neno la kushika katika swali hilo ni kila mwezi. Malindi haina mauzo ya wastani. Ina Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, Waitaliano wanapojaa na mji kuamka, na ina Julai na Agosti zenye nafuu yake; kisha ina Aprili, Mei na Juni, ambapo kusi huvuma, mvua ya masika huharibu barabara za ndani, hoteli za ufuoni hufunga kwa ukarabati na kuwapa wafanyakazi likizo isiyo na malipo, na biashara hulala. Kulala huko hakuishii Barabara ya Lamu peke yake. Mfanyakazi wa hoteli aliyerudishwa nyumbani anaishi Maweni, Muyeye au Barani, na pesa aliyokuwa akiacha kwenye duka la mtaani hukatika naye. Rudi kwenye mfano wetu na upunguze mauzo kwa asilimia 30. Faida ghafi inakuwa 126,000, kampuni inachukua 50,400 yake, pango na mishahara havijapungua, na duka linaingia hasara ya shilingi 23,400 kabla ya tokeni za umeme. Bila mrabaha, duka hilo hilo lingebaki na 27,000 na lingevuka salama hadi Julai. Hapo ndipo ubaya wa mrabaha wa mauzo unapoonekana waziwazi: kampuni hupata pesa katika mwezi ambao mwenye duka anapoteza pesa. Serikali nayo hutoza kwa mtindo huo huo kupitia kodi ya mauzo ya asilimia 3 kwa wenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, isipokuwa kwa aliyechagua utaratibu wa kawaida wa kodi ya mapato. Na mtu aliyebanwa na wote wawili kwa pamoja hana pa kupumulia. Juu ya misimu ya kawaida kuna mishtuko. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Mpeketoni, kaunti ya Lamu, na mwaka 2020, ndege za abiria kutoka ng'ambo ziliposimamishwa kuanzia mwisho wa Machi hadi Agosti, mji huu ulikaa miezi ukiwa mtupu. Mkataba usiotaja lolote kuhusu hali kama hiyo unamaanisha kwamba mnunuzi ataibeba peke yake.

Watetezi watasema, na hapa wana haki, kwamba si kila franchaizi hutoza mauzo. 7-Eleven yenyewe hugawana faida ghafi na mwenye duka, na mpango huo ni bora, kwa kuwa kampuni nayo huumia duka likiumia. Lakini historia yake inaonyesha kwamba hata mgawanyo wa faida huwa na milango ya nyuma. Nchini Japani chakula kilichobaki na kutupwa kilihesabiwa kwa namna ambayo gharama yake ilimwangukia zaidi mwenye duka, na wenye maduka walipotaka kuuza bento za jioni, yaani vyakula vilivyofungashwa, kwa bei ya chini kabla hazijaharibika, kampuni iliwazuia, hadi Tume ya Biashara ya Haki ya nchi hiyo ikatoa amri ya kuusimamisha mtindo huo mwaka 2009. Miaka kumi baadaye, mwenye duka mmoja wa Higashi-Osaka aliyekosa wafanyakazi alianza kufunga usiku badala ya kukaa wazi saa 24, na kampuni ikamtajia adhabu ya yen milioni 17. Mkataba wake ukavunjwa mwisho wa mwaka 2019, na mahakama ikaja kuipa kampuni ushindi. Nchini Australia mwaka 2015 ilifichuka kwamba wafanyakazi wengi wa maduka ya jina hilo, wengi wao wanafunzi wa kigeni, walikuwa wakilipwa chini ya kiwango cha sheria, na uchunguzi ulipofika kwenye hesabu ulikuta kwamba kampuni ilikuwa ikichukua zaidi ya nusu ya faida ghafi, kiasi kwamba wapo wenye maduka walioona hawawezi kusimama bila kuwapunja waliokuwa chini yao. Simtetei aliyempunja kijana mshahara wake. Ninasema tu kwamba hesabu iliyobana juu huteremka, na hapa Malindi itamteremkia binti wa kaunta.

Kisha kuna mteja, ambaye mialiko humzungumzia kama kwamba ni mmoja. Simama saa kumi na mbili jioni mbele ya duka lolote la Kisumu Ndogo. Mtoto anakuja na chupa ndogo ya plastiki na noti ya shilingi 50; anataka mafuta ya kupima, na chenji iwe sukari robo na kiberiti. Muuzaji anaiweka faneli kinywani mwa chupa, anamimina mpaka alama aliyoizoea kwa macho, anafuta ubavu wa chupa kwa kitambaa ili isimteleze mtoto, na wakati huo huo anamwambia mama aliye nyuma yake kwamba lile deni la Ijumaa bado limo daftarini. Faida yake kubwa, ukiihesabu kwa lita, imo ndani ya kipimo hicho kidogo. Duka la franchaizi haliwezi kuuza hivyo, kwa sababu kila kitu chake kimefungwa, kina alama ya kusomwa na mashine, na kampuni haitaki daftari la madeni; na kwa upande wa madeni sidhani inakosea. Matokeo yake ni kwamba mteja wa kila siku wa mtaani atabaki kwa muuza duka wake, na mnunuzi wa franchaizi atabaki kushindania wale wanaolipa kwa pakiti nzima: mgeni, mfanyakazi wa ofisi, msafiri, mwenye gari. Hao wapo Malindi, lakini wapo mahali maalumu na kwa miezi maalumu, na wengi wao hupita pia kwenye maduka makubwa. Kwa Lamu hesabu huwa ngumu zaidi, kwa kuwa bidhaa hushushwa Mokowe, huvushwa kwa mashua, kisha hupandishwa vichochoroni kwa mkokoteni au punda; mkataba unaotaka maziwa ya pakiti yawe rafuni saa kumi na mbili asubuhi haukuandikwa na mtu aliyewahi kusimama kwenye gati ile wakati wa kusi.

Upande wa wapinzani nao una hoja yake dhaifu, na ningekosa haki kama ningeiacha. Wapo wanaosema kwamba franchaizi ni utumwa mtupu, na kwamba mwenye duka lake hana wa kumwogopa. Hili si kweli. Utafiti wa Shirika la Takwimu la Taifa wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba biashara ndogo na za kati zipatazo milioni 2.2 zilifungwa nchini katika muda wa miaka mitano, na karibu zote hazikuwa na jina la kukodi juu ya mlango. Uhuru wa kuagiza upendavyo ni pamoja na uhuru wa kujaza ghala bidhaa zisizotoka, na heshima ya kuwa tajiri wa duka haijamzuia yeyote kufilisiwa na jamaa wanaokopa. Anayemshauri mstaafu aiache franchaizi kisha akamwambia afungue duka la kawaida bila mafunzo amemtoa kwenye shimo moja na kumwonyesha jingine. Ushauri wa haki ni kwamba yale mambo mazuri ya franchaizi, yaani mashine ya mauzo, hesabu ya kila jioni na ununuzi wa pamoja, yanaweza kupatikana kwa njia nyingine zisizochukua asilimia 40 ya faida ghafi. Wenye maduka watano wanaoaminiana wanaweza kukodi lori moja kutoka kwa muuzaji wa jumla Mombasa, na wapo wanaofanya hivyo.

Kwa watu wa Pwani lipo jambo jingine ambalo sijaona likizungumzwa, na ambalo huenda likawa na uzito kuliko hesabu zote. Tunaijua tangu zamani biashara ya ubia wa mudharaba, ambapo mmoja hutoa mtaji na mwingine hutoa kazi, faida wakaigawa kwa kiwango walichokubaliana, na hasara ya pesa ikamwangukia mwenye mtaji, kwa kuwa mwenzake amekwisha kupoteza jasho lake. Franchaizi ya mrabaha huupindua utaratibu huo. Mnunuzi ndiye mwenye mtaji na ndiye mwenye kazi, mwenye jina hupata fungu lake kabla hata haijajulikana kama kuna faida, na hasara yote humrudia mnunuzi. Siandiki fatwa, na wanaojua fikihi watanisahihisha, lakini mtu anayejiuliza kama biashara fulani ni ya haki ana kipimo hicho karibu naye. Kuna pia masharti ya bidhaa. Kampuni ikilazimisha orodha moja ya bidhaa kwa maduka yote, Mwislamu wa Malindi anaweza kujikuta amefungwa na mkataba unaomtaka auze pombe, na asipoiuza amevunja sharti. Hilo linapaswa kuandikwa kabla ya saini, wala lisiachwe kwa ahadi ya mdomo ya ofisa wa mauzo ambaye mwakani atakuwa amehamishiwa Nakuru.

Mwalimu mmoja mstaafu aliwahi kunipa rasimu ya mkataba wa namna hii nimsomee. Kilichonishtua hakikuwa mrabaha. Kilikuwa ibara moja fupi iliyosema kwamba mkataba wa pango utakuwa kwa jina la kampuni, naye atakuwa mwendeshaji tu ndani ya jengo. Ibara hiyo ilikuwa na maana kubwa kuliko kurasa zote zilizoizunguka. Sheria yetu ya mwenye nyumba na mpangaji wa maduka, Sura ya 301, humlinda mpangaji ambaye pango lake halikuandikwa au limeandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano: mwenye nyumba hawezi kumpandishia kodi wala kumtoa bila kufuata utaratibu, na mpangaji anaweza kulalamika mbele ya baraza la pango za biashara. Ulinzi huo ni wa mpangaji. Mwalimu yule angelipa kilemba cha kuingilia, angeweka sakafu, nyaya na rafu kwa pesa yake, na bado mpangaji mbele ya sheria angekuwa kampuni. Ukichanganya na ibara nyingine iliyomkataza kufungua duka la aina hiyo mjini kwa miaka miwili baada ya kutoka, unaona kwamba siku ya kuachana asingekuwa na jina, mahali wala ruhusa ya kuanza upya.

Ibara nyingine ya kutazamwa kwa makini ni ya punguzo la wauzaji. Mnunuzi huambiwa kwamba kampuni hununua kwa wingi na kwa hivyo atapata bidhaa kwa bei nafuu, lakini wazalishaji hulipa minyororo ya maduka kwa njia zisizoonekana kwenye bei: punguzo la mwisho wa mwaka, ada ya kuwekwa rafuni, ada ya kufungua tawi jipya. Pesa hizo si kidogo. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilipoitoza kampuni inayoendesha Carrefour nchini faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 mwezi wa Desemba 2023, kesi ilihusu mapunguzo ya aina hiyo waliyotakiwa kulipa wauzaji wawili, mmoja wao Pwani Oil, kampuni ya huku huku kwetu. Ikiwa mnunuzi analazimika kununua kila kitu kutoka ghala la mwenye jina, basi punguzo linalotokana na mauzo yake linapaswa kutajwa kwenye mkataba, kwa asilimia, pamoja na haki yake ya kuona hesabu. Isipotajwa, ile bei nafuu iliyofanya mrabaha uonekane wa kuvumilika huenda haimfikii kamwe.

Haya yote yanaonyesha ni nani anaweza kununua na ni nani asinunue. Mstaafu ambaye kiinua mgongo chake ndiyo pesa yake ya mwisho, anayepanga chumba kwa mtu mwingine na kutegemea mkopo wa kujaza rafu, amebeba hatari ambayo hawezi kuilipia hata kama jina ni zuri na yeye ni mchapakazi. Miezi mitatu ya masika inatosha kumtoa. Mwenye jengo lake kwenye Barabara ya Lamu, au karibu na uwanja wa ndege, au mwenye kituo cha mafuta ambacho magari ya Garsen na Lamu lazima yapitie, yuko katika hali nyingine: hana pango, wateja wake ni wale wanaolipa kwa pakiti nzima, na mkataba ukikwisha mahali ni pake. Huyo anaweza hata kuwa na sauti mezani, kwa sababu kampuni zinazotafuta kuingia Malindi hazina uhaba wa majina wala mashine. Zinachokosa ni mahali pazuri. Na akishakuwa na sauti aitumie kudai mrabaha utokane na faida ghafi, ushuke au usimame Aprili hadi Juni, muda wa kutafakari baada ya saini uandikwe kama ulivyo Afrika Kusini, na kesi zisikilizwe Malindi badala ya Nairobi. Wabunge wetu nao, ambao kila uchaguzi huahidi kuwasaidia wafanyabiashara wadogo, wangeweza kuanza na sheria fupi ya kumlazimu mwenye jina kutoa hati ya maelezo, orodha ya waliotoka ikiwemo. Hadi sheria hiyo ipatikane, ada ya wakili wa kusoma mkataba kabla ya saini ihesabiwe kuwa sehemu ya mtaji wa duka, na mwenye kushindwa kuimudu ada hiyo hajafikia kiwango cha pesa kinachohitajika kwa biashara hii.